Siku Tulienda Kufungua Mufereji kwa Mukaka

Ile mwaka baba mudogo alituma neno kutoka Beni: kama mvua kubwa inakuta mufereji ya avenyu yetu ingali imeziba, atakuja na lori, atapandisha mama yake ndani pamoja na kitanda na kuku, atamupeleka kwake Beu, mutaa moja ya kule Beni. Chumba alikuwa amekwisha kumutengenezea. Hata rido alikuwa ameweka kwa dirisha. Mama yake, ni kusema mukaka yangu, mama ya baba yangu, mwenye nilikuwa ninakaa naye Butembo tangu nilianza kufundisha, alisikia ile neno na akaendelea kuchambua maharagi. Aliniambia tu: “Beni kuko joto.”

Miye njo nilikasirika. Sikukasirikia baba mudogo, juu alikuwa na haki. Nilikasirikia avenyu.

Nyumba ya Mukaka ilikuwa ya mwisho, pale njia inashuka kwa mutoni. Mufereji ilikuwa inatoka kule juu, inapita mbele ya kila parsele, na ikifika kwa kona yake ilipashwa kukata kushoto, kupita mu migomba yake, na kushuka. Haikuwa inakata tena. Pale kwa kona kulikuwa kilima ya takataka: maganda ya ndizi, sashe, majivu, mapelo yenye kuvunjika, viatu bya mupira. Maji ikifika pale inakosa njia, inageuka kuume, inapita nyuma ya nyumba na inakula udongo. Kila musimu ya mvua ile shimo, eroziyo tunaiitaka, ilikuwa inasogea. Sasa mutu akifungua mulango ya nyuma alipashwa kushika ukuta kwanza mbele ya kuweka muguu.

Kwa ngambo ya kushoto, katikati ya migomba, njo alilala sokulu, bwana yake. Alifia kule Kamango wakati vita ilianza, kwenye alikuwa anauzisha samaki ya kukauka, na Mukaka mwenyewe alienda kumuleta. Siku ya Mungu, kama tumetoka misa, Mukaka alikuwa anafagia ile kaburi mbele hajakula.

Sasa, takataka. Balikuwa banatupa bote. Mama jirani anatoka na beseni ya maganda, anapita mbele yetu, anasalimia Mukaka vizuri kabisa, anamwanga, anarudi. Na Mukaka anaitikia, anauliza habari ya batoto. Hata siku moja hakumuambia mutu: usitupe hapa. Nilikuwa namuambia: “Mukaka, bale banaangusha nyumba yako na weye unabasalimia?” Anasema: “Balinitukana? Ni maganda tu.” Nilifikiri ni uzee. Nilifikiri pia ni ile aina ya wema yenye inachokesha batu ya nyumba.

Basi mu likizo kubwa, kama masomo imefungwa, nilisema tutasafisha. Avenyu nzima, kutoka juu mpaka chini. Kwa mapenzi, hapana kwa nguvu.

Mutu mwenye hakukaa kwetu mu ile myaka anaweza kufikiri ni kitu rahisi. Kazi ya pamoja tuliijua tangu zamani, tunaiita salongo, na batu balikuwa banaifanya, wengine kwa kunungunika. Lakini vita ilipokuja, kila mutu mwenye bunduki alibakisha ile jina ya salongo na akabadilisha kazi. Siku ya posho, ni kusema jumamosi, banafunga njia, banakamata mwenye anatoka shamba, mwenye anaenda soko, hata mwenye anapeleka mugonjwa, banamupeleka kukata majani ku kambi yao, ao kubeba maji, ao kuchanja kuni. Kama umevaa shati safi ni mubaya zaidi. Donc siku ya posho haikuwezekana. Na bale wa sabato, tena, posho ni siku yao. Siku ya Mungu, hapana. Siku ya soko kubwa, mama zetu hawako. Siku ya tano kunakuwaka mazoezi ya kwaya kwa baprotestanti. Nilihesabu vile mpaka nikabaki na siku ya tatu, katikati ya juma, na hata pale mutu mumoja alisema siku ya tatu anaendaka kuona mukwe yake. Nikamuambia mukwe yake hatakimbia.

Kiisha nikaenda kuona shefu ya avenyu. Alikuwa papa moja mwenye moyo safi, na mwenye kupenda sana kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: “Mwalimu, acha ile kwangu. Siku ya tatu asubuhi nitabaamusha bote.” Nikarudi nyumbani nikifurahi. Sikumuuliza atabaamusha namna gani.

Aliamusha avenyu na filimbi. Alivaa koti yake, akasimama kule juu, akapiga filimbi kwa nguvu yake yote, tena na tena, akishuka polepole kama afisa. Na mu Butembo ya ile myaka filimbi ya asubuhi ilikuwa na maana moja tu: bale ba bunduki banakuja kukamata batu. Nilikuwa nimesimama kwa kona na jembe, nikaona milango inafungwa moja kwa moja. Nikaona banaume banaruka mipaka ya nyuma, wengine bila kiatu, banapotea mu mikaratusi kwa kilima. Hata kuku sikusikia tena.

Balikuja batu babili. Mumoja alikuwa muzee mwenye masikio yake ilikufa zamani. Mwingine alikuwa mugeni, mutu ya Kamango, mwenye alikuwa amelala kwa jamaa yake juu alileta kakao ya kuuzisha. Alitoka akasimama mu njia, akauliza kama ni shule inaanza. Shefu alinifikia, filimbi ingali mu kinywa, akasema: “Mais batu bako wapi?” Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kucheka. Mukaka alikuwa amekaa kwa mulango. Yeye alicheka kabisa, mpaka akapangusa macho na kitambaa.

Banaume balirudi kama jua inashuka, na njaa na hasira. Ule mama jirani, ule wa beseni, alikuja kunisimamia mu kiwanja.

“Weye mwalimu. Filimbi?”

“Haikuwa miye, Mama.”

“Maharagi yangu ilibaki ku moto, miye niko chini ya kitanda na batoto. Iliungua yote. Leo tumekula bugari na chumvi juu yako.”

Nikamuomba musamaha. Nikamuelezea nilikuwa natafuta nini, na baba mudogo alisema nini, na kwamba kama mufereji haifunguke Mukaka ataenda Beni. Aliangalia kule chini. Nadhani hakujuaka, ao hakutaka kujua, beseni yake inafanya kazi gani pale kwa kona.

“Bon,” akasema. “Ungeanza kusema vile. Sasa pika kasikisi. Alika batu kama batu banaalikwaka.”

Nilisikia haya, juu nilikuwa mutoto ya kijiji, ya Kipese, na nilipashwa kujua. Kule kwa wazazi yangu, mutu mwenye shamba kubwa ya kulima hatangazi kitu. Anapika pombe ya ndizi, kasikisi, anapeleka neno kwa majirani kwamba siku fulani kuko kasikisi kwake, na bote banaelewa. Banakuja na jembe. Banakunywa kidogo, banalima, banakunywa tena. Na mwenye kasikisi njo mwenye kazi. Ukishakunywa yake, unalima pahali alionyesha, hata kama weye ungeanzia ngambo ingine. Hapana mabishano.

Lakini ndizi zilikuwa za Mukaka. Nikaenda kumuomba. Alikuwa anashona kikapu.

“Ile migomba ni ya nani?” akaniuliza.

“Ni yako, Mukaka.”

“Na kasikisi itakuwa ya nani?”

“Yako. Nani mwingine?”

Akaweka kikapu chini. “Bon. Kata. Utapitisha neno kwa jina yangu, hapana kwa jina yako. Ya huku, karibu na njia, kata yote. Ya kule kwa kaburi ya muzee usiguse.”

Tukaivisha ndizi mu shimo, tukafunika na majani. Mama jirani alikuja kutusaidia kukamua. Maji ya kwanza, ile tamu yenye haijatiwa mutama, tukaiweka mu bidon moja kwa ajili ya baprotestanti, juu pombe kwao ni zambi. Ile ingine tukaitia mutama ya kukaanga na tukaiacha ichachuke kwa bakatoliki. Nikafunga kitambaa ya rangi kwa kila bidon batu basikosee. Ile siku yenyewe, saa ya muchana, niliona muimbaji moja ya kwaya anajimimina kwa bidon ya bakatoliki, polepole, macho yake kwa mbingu. Nikamuacha. Alikuwa analima vizuri.

Juu balikuja. Hii nataka niseme muzuri, maana nilikuwa nimekwisha kubatukana mu moyo yangu miezi nzima. Balikuja bote, banaume na banamama, na majembe, na mapelo, na mabeseni, na mukokoteni moja ya mbao yenye kulia kama nguruwe. Shefu alikuja bila filimbi. Hata mutu ya Kamango, mwenye alipashwa kurudi kwao, alibaki juu ya ile siku. Baba mudogo naye alifika kutoka Beni, na mavumbi mpaka kwa kope, aone kama maneno yangu ni ya kweli.

Tulianzia juu. Tulitosha vitu byenye sitabisahau: mataa ya kinga, yale ya baiskeli, mapile ya radio, magunia ya kuoza, sufuria yenye tundu, batoto ya plastiki bila vichwa. Mbele ya parsele ya fundi ya nguo tulitosha vitambaa mpaka tukachoka. Kila mutu akiona kitu yake anasema si yake. Kwa katikati mutu moja alivuta na jembe yake kiatu ya askari, moja tu, na ndani ilikuwa na masasi ya kutumika. Bote balirudi nyuma. Kukaanguka mashauri: tukiiacha, ni mubaya, tukiichoma, mwenyewe akiiuliza tutasema nini? Shefu alisema, “Hatukuona kitu,” akaizika mu majivu, akapigapiga juu na pelo, na kazi ikaendelea. Ile ngambo ya juu ya mufereji ilikuwa inaonekana sasa, ya kunyoka, na sakafu yake ya mawe ya zamani. Baba mudogo alinipiga kwa bega. Aliniambia: “Mwanangu, umenishinda.” Nilikuwa na furaha mingi sana, nasema ukweli. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Tukafika kwa kona. Kilima ya takataka ilichukua mikokoteni mingi, kiisha ikaisha. Chini yake tukagonga mawe.

Hapana mawe ya kuanguka. Mawe ya kupangwa, makubwa mbele, madogo nyuma, na katikati miti ya mikaratusi iliyochongwa ncha na kupigiliwa mu udongo. Ilikuwa ukuta. Mutu alikuwa ameziba mufereji kwa makusudi, na kwa akili, na takataka yetu ilikuja tu kukaa juu yake. Baba mudogo alikasirika mara moja. Alisema ni adui, ni mutu mwenye anataka parsele ya mama yake. Batu balianza kuangaliana. Miye nilikuwa nimekwisha kuchagua mutu moja ya kushitaki mu kichwa yangu.

“Ni miye,” Mukaka akasema.

Alikuwa ameacha kiti yake na kuja mpaka kwa kona na fimbo. Baba mudogo akamuambia: “Mama, rudi ukae, jua ni kali.” Hakumuangalia. Aliangalia batu.

“Munakunywa kasikisi ya nani leo?”

Shefu akakohoa. “Ya kwako, Mama.”

“Na bale ba maji tamu?”

“Ya kwako pia,” akasema ule muimbaji, na sauti kidogo.

“Bon. Kazi njo hii. Kule juu mumesafisha muzuri, aksanti sana. Hapa mutarudisha mawe yangu. Mutayapanga muzuri kuliko miye, juu miye nilikuwa peke yangu.”

Nilidhani kichwa yake imechanganyika. Nikamushika mukono. Akautosha.

“Mama, maji itapita wapi?” baba mudogo akauliza.

“Kwenye inapitaka.”

“Mais itabeba nyumba.”

“Ibebe. Nyumba mutanijengea ingine, hata ya matope. Muangalie.” Akaonyesha na fimbo, kutoka kwa mawe, kushoto, mu migomba. Tukaangalia. Bote tulikuwa tumepita pale mara mingi, na hapana mutu alikuwa amefuata ile mustari na macho. Ile njia ya zamani ya mufereji ilikuwa inaenda moja kwa moja kwa kaburi ya sokulu. Alizikwa mu kiangazi, kwa haraka, mu ile siku za vita, na pahali palionekana pazuri. Mvua ya kwanza, maji ya avenyu nzima ilimupitia juu. Mukaka aliona. Hakuambia mutu. Alibeba mawe kutoka mutoni mu kikapu, mpaka akaziba.

Baba mudogo akasema kitu yenye mutu yeyote angesema. Kwamba tunaweza kumuhamisha. Kwamba kwa makaburi ya parokia kuko nafasi.

“Nilimutosha Kamango na kinga,” Mukaka akasema. Hakupandisha sauti. “Mu mukeka. Shemeji yangu anasukuma, miye nashika nyuma asianguke. Kila bariere ya askari banasema: fungua. Nafungua. Banaangalia uso yake, banasema: pita. Mbele kidogo, bariere ingine: fungua. Mpaka Beni. Alikimbia vita akiwa muzima, akakimbia tena akiwa mufu. Imetosha. Hatahama.”

Mutu ya Kamango alitosha kofia yake.

Nilijua sasa juu ya nini hakugombezaka mama wa beseni. Nilijua pia juu ya nini aliuliza kasikisi itakuwa ya nani. Mu nyumba tungemushinda, baba mudogo na miye, kwa upole, na maneno mazuri, na lori. Mbele ya avenyu, na pombe yake mu tumbo ya kila mutu, hapana mutu angeweza. Muimbaji ya kwaya njo aliinama kwanza. Alichukua jiwe moja kubwa, akaliweka. Kiisha shefu. Kiisha mama jirani, na beseni yake ya udongo. Miye nilitupa jembe chini na nikaenda kulia jikoni, juu ya hasira. Nilikuwa nimefanya ile kazi yote abaki na nyumba yake, na sasa banaichimbia kaburi mbele ya macho yangu, na majembe yenye miye niliita.

Balifanya kazi nzuri. Balijenga ule ukuta na udongo ya mufinyanzi, na nyuma ya nyumba balichimba njia pana ya maji, balipanda matete kwa mukingo, ili nyumba ishike muda. Takataka, shefu aliichimbia shimo yake kule ngambo, na tangu ile siku mutu hakutupa tena kwa kona. Baba mudogo alirudi Beni peke yake. Mbele ya kupanda lori aliniambia nimuchunge mama yake, kama vile ni miye nilikuwa namuchunga.

Nyumba ilishika ile musimu, na ingine pia. Ilianguka mu Novemba moja, saa ya muchana, tuko mu jiko ya inje tunamenya viazi. Tulisikia kama mutu ameshusha gunia kutoka lori. Ukuta ya nyuma ilikuwa imeenda na chumba yake ya kulala, na mu shimo niliona mugongo ya kabati. Nilipiga kelele. Mukaka alinishika na ile mukono ya viazi.

“Wende kuangalia kwa muzee.”

“Mukaka, nyumba.”

“Nyumba nimeisikia. Wende kuangalia.”

Nilienda mu mvua, nikilia kwa sauti. Kwa kaburi kulikuwa maji ya mbingu tu. Ya avenyu haikufika. Nikarudi, nikamuambia.

“Bon,” akasema. “Sasa twende tutoshe kitanda, kama ingali.”

Kitanda ilikuwa ingali. Majirani balikuwa bamekwisha kufika na mabati. Balimujengea chumba moja ya matope kwa ngambo ya njia, na pale alikaa, na hakuenda Beni hata kwa kutembea.

Siku ya kumuzika Mukaka, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote na avenyu ilikuwa matope mpaka kwa magoti. Banaume ya avenyu balikuja na majembe, lakini baba mudogo alitaka achimbe yeye, kando ya baba yake. Alichimba mpaka kifua yake ilipotea mu shimo. Kiisha akasimama, akachukua udongo ya chini, akaifinya, akaifungua. Ikamwangika mu vidole yake, ya kukauka, kama unga. Alinyoosha mukono juu nione, na kama ananyoosha vile, alianza kulia.